Nyumba Niliyomchagulia Dada Yangu

Dada yangu aliomba jambo moja tu kuhusu safari ile, na nililisikia vizuri. Kwa miezi mingi nilijidai kwamba sikulisikia, kwamba mtandao wa Ijara ulikuwa mbaya siku hiyo na upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu. Mtandao haukuwa na neno. Alisema, "Popote utakapopapenda wewe, abaayo. Mradi pawe karibu na watu."

Abaayo ndivyo tunavyoitana sisi Wasomali, dada kwa dada. Yeye amenizidi miaka kumi na minne. Nilipozaliwa alikuwa msichana wa kuchota maji na kuchunga mbuzi wadogo, na nilipoanza shule ndiye aliyenifungia shungi kila asubuhi. Aliolewa, akaachika mapema, hakujaaliwa mtoto, akarudi nyumbani kwa mama huko Ijara. Kwa hiyo mama alipopatwa na kiharusi, sote tuliona kwamba yeye ndiye aliye huru. Kaka yangu mkubwa alikuwa na duka lake Wajir, mdogo wake alikuwa Nairobi, na mimi nilikuwa nimeanza kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya wasichana hapa Garissa.

Mama aliishi miaka tisa baada ya kiharusi. Hakusema neno tena. Upande wake wa kulia ulikufa, na mdomo wake ukawa wa kulishwa kwa kijiko. Dada alimwosha, alimgeuza, alimnyanyua kutoka kitandani hadi kwenye mkeka na kutoka kwenye mkeka hadi kitandani. Mimi nilikwenda wakati wa likizo, nikakaa siku nne, tano, nikaleta nepi za watu wazima, dawa na nguo mpya, nikalia wakati wa kuondoka. Nilikuwa mtoto mzuri wa likizo.

Mama alipofariki, na watu walipokwisha kutawanyika, nilimtazama dada yangu pale nyumbani akipanga upya vijiko ambavyo havikuwa na kazi tena, nikasema moyoni kwamba lazima nimpeleke mahali akapumzike. Nia hiyo ilikuwa safi. Nataka niiandike hapa, kwa sababu yaliyofuata hayakuwa safi sana.

Nilichagua Lamu. Kutoka Garissa unapanda basi asubuhi, unavuka kwa boti, na ukishafika hakuna gari. Mimi siendeshi gari, na nimechoshwa na pikipiki za mji wetu, zinazokupitia hata ukiwa umesimama mlangoni kwako. Kisiwa kisicho na honi kilinivutia kama maji baridi. Shuleni kuna mwenzangu, mwalimu wa fizikia, ambaye kwao ni Lamu. Nilimwendea katika ofisi ya walimu, nikamwonyesha picha mbili kwenye simu.

Picha ya kwanza ilikuwa chumba cha chini katika nyumba ya shangazi yake, mjini kabisa, nyuma ya soko. Kitanda, feni, dirisha dogo, mlango unaofunguka uani. Picha ya pili niliitafuta mwenyewe: nyumba ya ghorofa katika kijiji cha mwisho wa kisiwa, kwenye mchanga, nyeupe tupu, na juu ya paa kulikuwa na viti vya mito na kivuli cha makuti na bahari mbele yake.

"Unakwenda na nani?" aliniuliza.

"Dada yangu."

"Kijana kama wewe?"

"Mtu mzima. Amepita hamsini."

"Basi kaeni mjini," alisema, bila hata kuitazama tena ile picha ya pili. "Kule ni kuzuri, lakini ni mbali, na kila kitu ni ngazi na mchanga. Mjini ukitoka mlangoni uko sokoni, uko msikitini, uko gatini. Nitampigia shangazi."

Alimpigia pale pale. Niliongea na shangazi huyo mimi mwenyewe, mama mjane mwenye sauti ya polepole, nikamwambia tunakuja Alhamisi. Akasema atatuwekea chumba cha chini kwa ajili ya huyo mtu mzima.

Jioni nilimpigia dada, nikamuuliza angependa tukae wapi, nikamweleza zile nyumba mbili kwa haki kabisa. Ndipo aliposema hilo neno la karibu na watu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo huko hakuna gari hata moja? Kila mahali ni kwa miguu?"

"Kwa miguu na kwa boti," nikasema. "Utapenda."

"Haya," akasema.

Kwa siku tatu nilifungua ile picha ya paa kila nilipopata nafasi. Niliitazama nikisahihisha insha, niliitazama nikisubiri chai. Nilijiona nimekaa pale na kitabu, kimya, hakuna mwanafunzi anayeniita. Halafu nikaanza kujisemea maneno mazuri: dada amechoka, aliyechoka anahitaji utulivu, mjini punda wanalia na watu wanapiga kelele, yeye mwenyewe hajui anachokihitaji kwa sababu hajawahi kupumzika. Siku ya nne niliilipia ile nyumba nyeupe. Shangazi wa Lamu sikumpigia kumwambia lolote. Dada nilimpigia.

"Mjini kumejaa," nilimwambia. "Hakuna chumba."

"Haina neno," akasema.

Alikuja Garissa siku moja kabla, na mfuko mmoja na fimbo ya kutembelea ambayo sikuwahi kumwona nayo. Nilipoitazama alisema ni ya kufukuzia mbwa wa njiani. Nikacheka. Asubuhi yake mwalimu wa fizikia alituletea kasha la plastiki lililofungwa kwa kitambaa: nyirinyiri ya kumpelekea shangazi yake, maana nyama yetu hii ya kukaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli wanaipenda hata watu wa pwani. Aliamini tunakwenda kukaa kwa shangazi huyo. Sikumwambia vingine. Nililitia kasha kwenye mfuko wangu, nikapanga kimoyomoyo kwamba nitakimbia mjini peke yangu, nilifikishe, nirudi.

Safari ilikuwa ya saa nyingi, na kila kizuizi tulishuka tukaonyesha vitambulisho. Dada alishuka wa mwisho na kupanda wa mwisho kila mara. Polisi mmoja alimwambia, "Mama, wewe baki humo humo," naye akamshukuru kwa dua ndefu ambayo yule polisi hakuielewa. Hata hapo sikuuliza kitu. Nilidhani ni umri.

Kwenye boti ya kuvukia alibadilika. Ilikuwa imejaa abiria, kina mama na vikapu, magunia ya viazi, kuku wawili, mtu na televisheni yake magotini. Dada alitazama huku na huku, uso ukamfunguka, akamwambia mama aliyeketi karibu naye, kwa Kiswahili chake, "Watu mingi! Alhamdulillahi, watu mingi sana!"

"Watu wengi," nikamwambia. "Si mingi. Wengi."

Nilisema kwa sauti ya darasani. Sauti hiyo hunitoka hata bila kuniomba ruhusa. Yule mama alitabasamu akageuza uso. Dada alisema, "Wengi," akavuta garbasaar yake mabegani, shali lile la rangi ya zafarani nililomnunulia Idi, na hakusema neno lingine kwa Kiswahili mpaka tulipofika.

Nyumba ilikuwa kama picha. Nasema hivyo kwa masikitiko. Ingekuwa chafu au ingekuwa na nyufa, ningepata pa kumlaumu mtu. Chini kulikuwa na jiko na stoo. Chumba cha kulala kilikuwa ghorofa ya kwanza, na choo kilikuwa huko huko. Juu kabisa ndiko kulikuwa na paa la viti na mito. Ngazi zilikuwa za mawe, nyembamba, zenye kina kirefu kutoka moja hadi nyingine, hazina pa kushika. Mwenye kutupokea alitupa funguo, akatuonyesha swichi, akaenda zake.

Dada alisimama chini akizitazama zile ngazi. "Nenda mbele," akasema. "Mimi nakunywa maji kwanza."

Siku ya pili, Ijumaa, ilikuwa siku ya utulivu niliyoitaka. Hapakupita mtu. Nyumba jirani zilikuwa za wageni ambao hawakuwepo, madirisha yamefungwa. Nilikaa juu na kitabu changu, upepo ukavuma kwa adabu, bahari ikafanya yote niliyoambiwa inafanya. Dada alikaa chumbani kwenye kiti, karibu na dirisha lililotazama ukuta wa nyumba nyingine. Aliswali akiwa amekaa. Nikamwambia apande aone bahari, akasema ameiona jana kwenye boti, haitakuwa imebadilika.

Asubuhi hiyo kulitokea jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimetangulia juu na kikombe cha chai, jua limeshapanda, nikasikia sauti kama ya nguo inayokokotwa. Nilikwenda kwenye uwazi wa ngazi nikachungulia. Dada yangu alikuwa akiteremka kwenda jikoni. Alikuwa ameketi kwenye ngazi kama mtoto mchanga, anajisukuma kwa mikono, anaunyanyua mguu wa kulia kwa mikono yote miwili na kuutua kwenye ngazi ya chini, kisha wa kushoto, kisha anajiteremsha. Kila ngazi alisema "Bismillahi" kwa sauti ndogo. Fimbo ilikuwa imelazwa mapajani. Aliteremka hivyo ngazi zote. Alipofika chini alijikung'uta baati lake, lile gauni letu pana la nyumbani, akanyoosha mgongo, akaenda kujimiminia chai kama mtu aliyetoka kutembea.

Sikushuka kumsaidia. Nilirudi nyuma taratibu nisije nikaonekana, nikakaa kwenye mto wangu. Nilijiambia kwamba nikimwendea nitamwaibisha. Lakini kulikuwa na sababu nyingine chini ya hiyo, na niliijua wakati ule ule, si baadaye. Nikishuka itanibidi niseme kitu juu ya nyumba. Itanibidi nimweleze kwa nini tuko hapa. Nilikunywa chai yangu mpaka ikaisha, na ilikuwa imepoa.

Magoti yale aliyaharibu wapi, sikuhitaji kuuliza. Mama alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mifupa mizito.

Jumamosi nilisema naenda mjini mara moja kupeleka mzigo wa mwalimu mwenzangu.

"Nakuja," dada akasema.

"Kuna kutembea, abaayo. Na jua kali. Nitarudi sasa hivi."

"Nakuja," akasema tena, na tayari alikuwa anavaa viatu.

Wanaume wawili walimshika mikono kumwingiza kwenye boti, na hakupenda. Lakini tulipofika gatini mjini alisimama na fimbo yake akavuta pumzi kama mtu anayesikia harufu ya chakula. Punda walipita na matofali. Wauza samaki walikuwa wakibishana. Mwanamke aliyebeba sinia la mahamri alimsalimia, naye akamjibu, wakasalimiana habari za nyumbani, za watoto, za afya, kana kwamba wana miaka wanajuana. Nilitembea mbele nikitafuta nyumba, nikiomba tusiikute, na tukaikuta upesi sana. Ilikuwa hatua chache tu kutoka sokoni. Mwalimu wa fizikia alikuwa amesema kweli kuhusu kila kitu.

Shangazi yake alitoka mwenyewe, mama mnene kidogo, miwani shingoni. Nilimpa kasha. Alilifungua ncha moja, akanusa, akacheka kwa furaha. Kisha akaniangalia vizuri.

"Wewe ndiye mwalimu wa Garissa?"

"Ndiye mimi, Bi mkubwa."

"Alhamdulillahi mmefika salama. Na huyu ndiye dada mtu mzima? Karibu, mwanangu, karibu ukae." Alimshika dada mkono, akamketisha uani kwenye kiti cha kamba, na huku anamketisha anazungumza, si kwa ubaya, kwa wasiwasi wa mama. "Mbona hamkuja Alhamisi? Nilikuwekeeni chumba. Nikatandika, nikangoja, nikasema labda njia imewakwamisha. Jana akaja mgeni nikamwambia kuna wenyewe. Kipo wazi mpaka sasa, kitazameni."

Mlango wa chumba ulikuwa pale pale, hatua tatu kutoka kwenye kiti. Shuka la maua. Feni. Hakuna ngazi hata moja.

Kiswahili cha dada yangu ni cha sokoni na cha ofisi ya chifu. Kikizungumzwa upesi kinampita. Niliona paji lake la uso limekunjamana, akaniinamia akaniuliza kwa Kisomali, "Amesema chumba kilikuwa wazi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Badala yake nilisema, "Anasema leo imepatikana nafasi. Leo kiko wazi."

Nimefundisha lugha hii miaka kumi. Nimewaambia wasichana wengi kwamba lugha ni daraja, nikaandika ubaoni. Na pale nilikaa katikati ya dada yangu na mwanamke mwema, nikayageuza maneno mkononi mwangu, kwa sababu nilijua yeye hawezi kuyakagua.

Dada alinitazama muda. Halafu akamgeukia yule mama, akasema polepole, akichagua kila neno kama mtu anayechagua pa kukanyaga, "Mama. Hii chumba. Juzi, jana. Ilikuwa na mtu?"

"Hapana, mwanangu," shangazi akasema. "Juzi na jana kilikuwa chako."

Dada alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Asante," akasema. Akaombwa anywe maji, akanywa. Akaulizwa kuhusu Ijara, akajibu kwamba mvua imenyesha kidogo na mbuzi wamebaki wachache. Alikuwa na adabu zake zote. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu.

Tulirudi kwa boti, tukapita kile kijiji chenye mchanga uliofagiliwa. Tulipoingia nyumbani aliketi kwenye ngazi ya chini kabisa na hakupanda.

"Kaa," akaniambia.

Nikakaa sakafuni.

"Ungeniambia, 'Nimepata nyumba nzuri, twende,' ningekuja," alisema. "Wallahi ningekuja. Ningepanda hizo ngazi zako kwa meno, nikae nawe juu, upige picha zako. Nyumba si neno. Lakini wewe uliniuliza. Mtu akiniuliza, mimi nafikiri jibu langu lina kazi."

"Nilidhani unahitaji utulivu."

"Utulivu?" Alicheka, na kicheko hicho kilikuwa kikavu. "Nimekaa miaka tisa na mtu asiyesema. Nilikuwa nawasha redio asubuhi nisije nikasahau watu wanaongeaje. Muuza mkaa akipita namwita aingie, nina mkaa tele, namwita tu. Utulivu ninao, abaayo. Ninao wa kukugawia na wewe."

Aliilaza fimbo yake sakafuni.

"Na siku ile pia mliniuliza," akasema.

Nilijua siku gani. Ilikuwa hospitalini Garissa, mama yuko kitandani, wiki ya pili. Kaka mkubwa alimwita dada kando akamuuliza kwa upole mwingi, mbele yetu, kama ataweza kukaa na hooyo, mama yetu. Dada alijibu. Nilikuwa nimelisahau jibu lake, au nililiweka mahali ambapo siendi. Sasa alinirudishia.

"Nilisema tupokezane. Mwaka kwangu, mwaka kwako, mwaka kwa kaka. Nilisema na mimi nataka kurudi kwenye biashara yangu ya maziwa. Mkasema inshallah, wote watatu. Mlishakata shauri kabla ya kuniita?"

"Ndiyo," nikasema.

Tulikuwa tumekata shauri mchana wa siku hiyo, nje ya wodi, tumesimama watatu. Mimi ndiye niliyesema kwamba ni vizuri tumuulize, ili asijisikie vibaya. Hilo la mwisho nilimwambia pia. Sikuona sababu ya kulificha tena.

Alisugua goti lake kwa kiganja, akikizungusha, akikizungusha.

"Nisamehe, abaayo," nikasema.

"Nitakusamehe," akasema. "Si leo. Leo goti linaniuma." Kisha akanyoosha mkono nimsaidie kusimama, na nilipomshika nilihisi uzito wake wote umeniegemea, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtu mzima. "Fungasha," akasema. "Twende kwa yule mama."

Tulihama kabla ya alasiri. Nilikwenda juu peke yangu kuchukua kitabu changu kwenye paa na sikuitazama bahari.

Nyumbani kwa shangazi tulibaki usiku wa Jumamosi na Jumapili nzima, kisha tukaondoka. Ni siku moja na nusu kati ya siku zote. Kina mama wa mtaa walikuja uani baada ya kupika, na kofia zao za kudarizi, kila mmoja na sindano yake. Dada alipewa kofia aijaribu. Mikono yake imezoea kusuka kamba na mikeka ya kufunikia nyumba za wafugaji, si sindano nyembamba, na alijichoma mara mbili. "Bole bole," alisema, kwa ile p yetu inayogeuka b, "mimi nataweza." Kina mama wakacheka, naye akacheka zaidi yao. Alikataa samaki kwa uso wa mtu aliyeandaliwa nyoka, wakamcheka tena, wakampikia mbaazi za nazi. Aliwasimulia habari za ngamia aliyeingia darasani Ijara, kwa Kiswahili kisicho na ngeli hata moja iliyokaa sawa, na hakuna aliyekosa kuelewa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na kofia ambayo sikujua pa kuianzia. Mara mbili mdomo wangu ulifunguka kumsahihisha. Niliufunga.

Jumapili asubuhi alikwenda sokoni na fimbo yake bila kuniaga. Niliposhtuka nikamtafuta, nilimkuta ameketi kwenye gunia la mchele kwa muuza viungo, wanabishana kuhusu hiliki. Aliniona, akanipungia mkono nirudi nyumbani.

Tuliporudi Garissa nilimpeleka hospitali. Daktari aliyatazama magoti kwenye picha ya eksirei, akauliza mama huyu alikuwa anafanya kazi gani ya kubeba. Dada alimjibu, "Nyumbani tu." Akapewa dawa na mazoezi, na dawa zinamsaidia kiasi. Alikaa kwangu wiki mbili kisha akarudi Ijara.

Mwezi uliofuata kaka mkubwa alipiga simu kutoka Wajir. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha, na alikuwa na wazo. Dada yupo tu, yuko peke yake, ahamie kwake asaidie watoto. Akasema atamuuliza, bila shaka, lakini alitaka kwanza mimi na kaka wa Nairobi tukubaliane.

Nilikuwa nimesimama nje ya darasa, chaki mkononi. Nikasema, "Usimuulize kama umeshaamua."

"Nani ameamua? Si ndiyo maana nakupigia?"

"Mpigie yeye kwanza. Sisi usituambie lolote. Na akisema hapana, iwe hapana."

Akaniuliza kama nimegombana na mkewe. Nilimwambia sijagombana na mtu. Alimpigia dada siku hiyo hiyo, na dada akasema hapana. Alisema ana mpango wa kuuza chai na maziwa pale mabasi yanaposimama, na wanawake wawili ameshawapata wa kushirikiana nao. Kaka alikasirika, akanipigia tena, akasema nimemtia dada maneno kichwani. Hatukuongea vizuri mpaka karibu na Ramadhani.

Ningependa kusema kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yake peke yake. Sehemu fulani ilikuwa kwa ajili yangu, ili nipate kitu cha kuweka upande wa pili wa mizani. Dada alilijua hilo pia, nadhani. Kabla ya mwezi wa kufunga, wakati watu wanaombana radhi, nilikwenda Ijara nikamwomba tena anisamehe, uso kwa uso. Alikuwa anapuliza jiko, wateja watatu wanangoja, moshi machoni. "Nimekusamehe," akasema, "shika hii birika." Nikaishika. Sikujua kama amesema kwa sababu amesamehe, au kwa sababu birika ilikuwa ya moto na mikono yake ilikuwa miwili tu. Sikumuuliza tena.

Kaka zangu hawajui habari za nyumba nyeupe. Dada hakuwaambia, na mimi sikuwaambia. Wao wanajua tu kwamba baada ya msiba mimi ndiye niliyemchukua dada yetu, nikamlipia kila kitu, nikampeleka baharini akapumzike. Kwenye harusi ya binamu yetu mwaka huu, kaka wa Nairobi alilisimulia jambo hilo mbele ya wazee, akanitaja kama mfano wa mtoto wa kike anayejua wajibu wake. Wazee waliniombea dua, mikono juu. Dada alikuwa ameketi upande wa pili na kina mama, anakula, na alisikia kila neno. Na mimi nikaitikia amina.